Njiwa Wasiopungua

Restituta hakuwahi kupenda njiwa. Naanza na hilo kwa sababu kwenye msiba wa mumewe nilisikia watu wakimsifu yeye eti mapenzi yake kwa ndege hayana mfano, nikanyamaza kwa heshima ya marehemu tu. Mimi ni jirani yake hapa Buzebazeba, mwaka wa kumi na tisa huu, ukuta kwa ukuta, na njiwa wale nimewajua kuliko nilivyotaka. Maji ya mvua nayakinga kutoka kwenye bati langu, na bati hilohilo ndilo walilolichagua kuwa choo chao.

Mwenye njiwa alikuwa mumewe, Gaudensi, fundi wa majokofu. Jozi mbili za kwanza aliachiwa na Elinipa, afisa ardhi mmoja kutoka Upareni, siku alipohamishwa. Si njiwa wa kawaida hawa. Wanapanda kundi zima mpaka shingo ikuume kuwatazama, halafu mmoja anaanza kujipindua kinyumenyume huku akishuka, mara kumi, mara ishirini, kisha anajizuia na kupanda tena kuwafuata wenzake. Gaudensi aliwazalisha kwa mpango. Ukutani mwa banda aliandika kwa chaki dume yupi akae na jike yupi, na kila mmoja alimvisha mguuni kipande cha mpira wa baiskeli chenye rangi ya ukoo wake. Wanangu sikuwahi kuwapangia hivyo.

Restituta ni mtu wa Ilagala, mpishi wa shule ya sekondari, mwanamke wa kazi na maneno machache. Kwake ndege ni kitoweo. Alimvumilia mume na mabanda yake kama wengine wanavyowavumilia waume walevi.

Mwezi wa kwanza mwaka jana Gaudensi akapatikana na uvimbe kooni, akaandikiwa kwenda Dar es Salaam, kwa mwanawe Pastory, atibiwe huko. Siku ya safari nilikuwepo. Alimshika mkewe mkono mpaka bandani.

"Mama Pastory, kila jioni uwatoe. Dakika ishirini zinatosha. Hata kama kipanga yupo, watoe. Akichukua mmoja, basi, ndiyo sadaka. Lakini ukiwafungia miezi, mwili unasahau. Siku wakitoka watapinduka hadi chini, hawatajua kuacha."

"Ego," Restituta akaitikia kwa Kiha, kama anavyoitikia kila kitu.

Na alifanya. Akitoka jikoni shuleni, hata gauni la kazi hajavua, anafungua mlango, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anahesabu wanaotoka na wanaorudi. Kumi na wanne. Kila Jumapili Gaudensi alipiga simu, naye akampa habari: yupi ametaga, yupi anaatamia, kinda gani limeota manyoya.

Mwezi wa tatu kipanga akaja. Alimchukua dume jeusi, mkubwa wa banda, mbele ya macho ya Restituta. Jumapili akamwambia mumewe ukweli, kwa kuwa hajui kusema kingine. Kesho yake Pastory akapiga, anafoka: "Mama, baba hajala tangu jana. Amegeukia ukuta. Unataka kumuua? Usimpe tena habari za namna hiyo!"

Jioni ile mlango wa banda haukufunguliwa. Wala kesho yake.

Mimi niliona. Niseme ukweli wangu pia: nilifurahi. Bati likawa safi, pipa langu likajaa maji ya kunyweka, nikamshukuru Mungu. Sikuuliza, maana kuuliza kungenirudishia mavi.

Ndani ya banda lakini mwanamke yule alifanya kazi ambayo mumewe mwenyewe asingeifanya vizuri zaidi. Aliwapa mtama uliopepetwa, akawapondea maganda ya mayai. Aliwaunganisha kama chaki ilivyosema, na chaki ilipofutika alikuwa ameshaikariri. Wakazaliana. Sauti ya Gaudensi nayo ilikuwa inakwisha. Kufika mwezi wa saba simu yao ilikuwa na neno moja tu, tena la kukwaruza.

"Wangapi?"

"Kumi na wanane."

Kisha ishirini. Kisha ishirini na wawili. Restituta alinieleza mpango wake siku moja tukiwa foleni ya maji: mume akirudi atamwambia yote, naye atawazoesha taratibu, wawili wawili, kwani fundi ni yeye. "Kusahau kuruka si kufa, Mzee Elikana," alisema. Nikamwona ana akili.

Gaudensi alirudi mwezi wa kumi kwa treni, siku mbili amelala. Hospitali walikuwa wamemaliza yao. Alishuka amekwisha, suruali imekazwa kwa kamba. Tukamwingiza uani asubuhi, majirani tumejaa, naye hakutaka kiti wala uji. Akaonyesha banda.

"Baba Pastory, pumzika kwanza," Restituta akasema.

Akatikisa kichwa. Alichungulia ndani ya waya, akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, akicheka bila sauti. Walikuwa wanene, wanang'aa. Nilimtazama Restituta, mdomo wake ulifunguka, ukafungwa. Gaudensi akaigusa kamba ya mlango, akamtazama mkewe. Restituta akaivuta.

Wachanga waliishia juu ya paa, wakishangaa. Wakubwa walipanda. Walipanda vizuri kabisa na watu wakapiga makofi. Kisha wa kwanza akaanza kujipindua, akashuka, akashuka, na sikuona alipojizuia kwa sababu hakujizuia. Bati langu likalia kama limepigwa jiwe. Halafu la pili. Mwingine alianguka katikati ya uwanja, mbele ya miguu yetu. Walikuwa saba kwa jumla, na makofi yalikuwa yameisha zamani.

Restituta akapiga magoti. "Nisamehe. Niliwafungia tangu mwezi wa tatu."

Gaudensi alikuwa ameketi kwenye ndoo, mmoja wa walioanguka mapajani mwake, bado anapepesa jicho. Alimvunja shingo polepole kwa vidole vyake vyembamba. Nikainama nisikie.

"Nilijua," alinong'ona. "Njiwa wanaoruka hupungua. Miezi saba hukunipunguzia hata mmoja."

"Sasa mbona..." Restituta akauliza.

"Nilitaka kuwaona juu."

Alikufa siku ya kumi na mbili tangu arudi. Watu wa Mwandiga wamekuja mara mbili kuulizia bei ya njiwa waliobaki, Restituta amewafukuza. Jana nilikwenda kumsalimia, nikajaribu maneno ya faraja, kwamba marehemu angalau aliondoka na roho nyeupe, ameshaona alichokitamani. Alikuwa anachambua mtama kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Namlilia kila siku, Mzee Elikana," alisema. "Lakini alijua, akaniacha mimi nivute ile kamba. Hilo sijamsamehe."