Raba Mpya Zilizopakwa Tope

Lorine, au Mama Fidel kwa wateja wake, huuza raba za mbio Busia, upande wa Kenya, na hamuuzii mtu kabla hajamkimbiza hadi kwenye kinu cha kusagia posho na kurudi. Yeye husimama mlangoni, mikono kiunoni, akikazia macho visigino. Ukikanyaga vibaya, anakuvua raba mwenyewe.

Omoding, mkimbiaji wa Merikit, huko Tororo upande wa Uganda, alikimbizwa hivyo mpaka akapata pea iliyomkaa sawasawa. Akaipiga picha, akashukuru kwa heshima zote, akaenda zake. Kisha akaagiza ile ile mtandaoni kwa bei nafuu. Na kwa kuwa wauzaji hao hawakuvusha mzigo hadi Uganda, akawapa anwani ya Kenya aliyoijua: duka la Lorine!

Mzigo ulipofika, Lorine aliumia moyo. Wakimbiaji wote wa Tororo humwiga Omoding. Akishinda mbio za kanisa Jumapili na raba za mtandaoni, nani atakanyaga tena dukani? Hata hivyo aliuweka mzigo kaunta, akamngoja.

Omoding akaja meno nje. "Mama Fidel, asante kunipokelea."

"Hujaribu?"

"Si nilijaribu hapa kwako?"

"Kweli. Basi zipake tope, watu wa ushuru wasikusumbue."

Ndivyo wengi wa huku wanavyovuka na kiatu kipya: wanakichafua kwanza kionekane cha zamani. Lorine alimletea udongo na maji mwenyewe, kwa upole wa kutiliwa shaka. Omoding akapaka mpaka kwenye kamba, akavaa, akapiga hatua, akakunja uso. Namba ilikuwa ile ile, lakini vidole vilibanwa vikakosa pa kupumulia.

"Hii viatu nakwenda kurudisha!"

"Soma simu yako. Wanapokea safi tu."

Omoding akaitazama ile pea ya kwanza kwenye rafu. "Basi nipe ile, mama."

"Agiza kwa simu."

Alidhani ni mzaha. Lorine hakucheka. Ikabidi apige, wakiwa wameachana hatua moja, wateja wakiwatumbulia macho.

"Haloo," Lorine akaitikia, amempa mgongo. "Nakusikiliza, mteja."

"Nataka raba, mama."

"Utaletewa Jumatatu."

"Mbio ni Jumapili!"

"Pole sana. Ungekuwa karibu na duka, ungeingia tu."

Omoding akakata simu, akazivua zile raba za tope, akatoka nje pekupeku, akapiga hodi.