Kiti cha Mzee wa Kitaliano

Marehemu mume wa Bi Zuwena alikuwa seremala hapo Mji Mkongwe, Bagamoyo. Kwa miaka thelathini yeye alichonga, mkewe akasuka kamba za viti na vitanda. Mambo ya sinema hayakuwahi kumhusu Bi Zuwena, mpaka Jumamosi moja baada ya alasiri Shurooq, binti wa kaka yake, alipomfuata waende ukumbini kutazama filamu ya zamani ya Kitaliano.

"Nitaelewa nini mimi?"

"Nitakutafsiria, shangazi."

Mapazia yalishushwa, picha zikaanza, nyeusi na nyeupe. Mzee alitoka kwake na kiti mgongoni. Akapita sokoni, akapita karakana ya seremala, watu wakimwuliza naye hajibu. Shurooq akabaki kutafsiri maswali tu. Kwenye njia panda mzee akakitua kiti, akakikalia. Taa zikawashwa.

"Mtambo umeharibika?" Bi Zuwena aliuliza.

"Imekwisha, shangazi."

Watu walikuwa wanapiga makofi. Akapiga na yeye, asijue anampongeza nani.

Mwalimu Abdulnasir, aliyeongoza mjadala, aliuliza kile kiti kina maana gani. Mmoja akasema ni nchi iliyotoka vitani. Mwingine, ni heshima ya baba asiye na kazi. Bi Zuwena aliwatazama kama mtu aliyeingia kwenye msiba usio wake. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Kile ni kiti tu. Mguu wa nyuma umelegea, anakipeleka kwa fundi."

Wakacheka. Mwalimu akairudisha picha nyuma, na kweli, mguu ulikuwa unacheza. Kicheko kikafa.

"Sasa, bibi, mbona alimpita fundi?"

Hilo hakuwa ameliwaza. Aliwakumbuka wateja waliofika mlangoni baada ya mumewe kufariki, wakatoa salamu, kisha wakaondoka na viti vyao vibovu. Hadi leo hakujua kama walimwonea haya au huruma.

"Sijui," alisema taratibu. "Wapo wanaopita."



Njiani Shurooq alimwuliza kama ameipenda.

"Sijui, mwanangu. Jumamosi ijayo nipitie mapema, nikae mbele."

"Wataonyesha nyingine. Hii imekwisha."

"Imekwisha vipi, na yule mzee bado amekaa pale?"