Saktuni ya Dada na Risasi ya Kumi

Imenigharimu riali mia moja na arubaini na moja na baisa mia sita, na bunduki yenyewe sina. Nimejumlisha mara mbili, mara ya pili kwa kalamu nyekundu, haikushuka. Mia moja katika hizo ni arbuni, malipo ya kutanguliza, imekaa kwenye droo ya mwenye duka la silaha jirani na Hamriya, na kila Alkhamisi ananitumia ujumbe wa sauti kuniuliza naja kumalizia au siji. Kumi na tano ni kanzu yangu nyeupe, iliyochanika gotini kwa sababu nitakayoieleza. Zilizobaki ni risasi, ada ya uwanja na petroli.

Bunduki si yangu, ni ya dada yangu. Ana miaka sitini na nne, kastaafu kazi ya wizara huko Al Khuwair, na ni mjane. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wakienda uwanja wa shabaha kila Jumamosi asubuhi, kama wenzao waendavyo kutembea ufukweni. Hawakushindana na mtu. Karatasi, makopo, chupa ya chai ndani ya gari, na kubishana njia nzima nani kapiga karibu na kitovu. Walitumia saktuni, ndivyo tunavyoiita hapa bunduki ndogo ya pointi ishirini na mbili. Risasi yake nyembamba kama kipande cha penseli, na ikilia haingurumi, inabweka. Ya kwao ilikuwa ya kizamani. Kila risasi unavuta komeo na kulirudisha kwa mkono wa kulia.

Mwaka jana dada akapata kiharusi. Kidogo, walisema hospitali. Kikubwa kinakuwaje, sikutaka kuuliza. Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi wote, na nyongeza. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Kijiko anashika, komeo la saktuni hawezi. Alijaribu Jumamosi tatu, ya nne akaifunga bunduki kabatini na hakutoka tena nyumbani ila kwenda kliniki. Wakampa mpira wa kuminya ili mkono upate nguvu. Akampa paka.

Mimi nina duka la vitambaa Matrah. Siku moja akanipigia nikiwa napima doti ya mteja.

"Skiza. Kuna saktuni zinazojipakia wenyewe."

"Zenyewe, dada."

"Usinifunze Kiswahili. Unakoki mara moja tu, baada ya hapo kazi yako ni kidole. Nnataka hiyo."

"Na kibali?"

"Kibali nnacho. Nisichonacho ni mtu wa kupatana bei, na ukoo huu hauna mwengine asiye na haya."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minne kumsikia akitaka kitu. Nikaipima upya ile doti, maana nilikuwa nimeshasahau nilipofika, kisha nikamwambia mteja leo tunafunga mapema.

Mwenye duka la silaha ni kijana ambaye mama yake alizaliwa Unguja. Kwa hiyo Kiswahili chake ni cha jikoni: majina ya vyakula vyote anayajua, mengine yote anajazia Kiarabu. Alitutolea tatu, mimi na dada, akazilaza juu ya kitambaa cha kijani. Nikatoa mfukoni mizani yangu ya kupimia mizigo ya safari.

"Wallahi, bwana, watu hupima bunduki kwa jicho."

"Jicho halina kilo," nikamwambia.

Nilizipima zote tatu, halafu nikazipima tena. Ya kwanza ilikuwa na kitako cha mbao nzuri ya kupamba sebule, lakini nzito. Dada aliinyanyua, mtutu ukashuka wenyewe kama unaotafuta sarafu chini. Ya pili ilikuwa ya plastiki, nyepesi, na magazini yake inameza risasi ishirini na tano. Hiyo niliikataa mimi. Ishirini na tano ni nyingi kuhesabu huku masikio yamezibwa. Ya tatu ilikuwa fupi, kikokeo chake kirefu, magazini ya risasi kumi. Dada aliegemeza kitako kwenye nyonga, akavuta kikokeo kwa mkono wa kushoto, kikaja. Akajaribu tena, kikaja tena. Kisha akaweka kidole cha kulia kwenye kifyatuo, akaminya polepole, na ule mlio mdogo wa chuma kitupu ulipotoka akanitazama kwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu msibani.

Hapo ndipo bei yangu ilipoharibika. Huwezi kupatana na mtu ambaye keshaona uso wa namna ile. Hata hivyo nilijaribu. Nilisema kitako kina mkwaruzo. Nilisema kikokeo kinalia. Nilisema mkoba wake ni wa kitambaa nikijuacho, mita yake robo riali.

"Mama yangu akikusikia atalia," alisema mwenye duka.

"Atalia kwa furaha, mwanawe kapata mteja."

Alishusha kidogo. Tukakubaliana niweke arbuni ya mia, na Jumamosi aje nayo uwanjani dada aijaribu kwa risasi za kweli. Kama haikumfaa, ningerudishiwa hela? Alisema, "Inshallah." Mimi mtu wa soko, miaka thelathini nasema inshallah ile ile kwa wateja, nikaipokea kama risiti.

Uwanja uko nje ya mji, chini ya majabali, na mbele yake kuna tuta la mchanga. Jumamosi ile hakukuwa na watu ila sisi watatu, na msimamizi aliyekaa mwisho kabisa wa kibanda anakunywa chai. Dada alikuja kavaa miwani ya marehemu mumewe. Mwenye duka akapakia, nami nikahesabu zikiingia: kumi. Dada akakoki mwenyewe kwa kushoto. Mimi nilisimama nyuma yake, upande wa kulia, na huko ndiko bunduki za aina ile zinakotema maganda ya risasi.

Alianza. Ya kwanza ikaenda nje ya karatasi. Ya pili ukingoni. Kati ya risasi na risasi alipumzika, na nilipoona bega lake likipanda na kushuka nikaanza kuhesabu pumzi zake pia. Ya tano ikapiga karibu na kitovu, mwenye duka akapiga makofi. Ganda moja likaruka likanipiga shavuni, la moto. Nikarudi nyuma hatua lakini sikuacha hesabu. Sita. Saba. Nane ilichelewa sana. Tisa ilichelewa zaidi. Kisha dada akashusha bunduki juu ya meza, akavuta kizibo cha sikio, akasema:

"Khalasi."

Nyumbani kwetu neno hilo linafanya kazi zote. Chakula kimekwisha, khalasi. Wageni wameondoka, khalasi. Ugomvi umeisha, mtu kafariki, duka limefungwa, khalasi. Mwenye duka alisikia risasi zimekwisha. Akachomoa magazini, akaigeuza tutazame: tupu. Na kweli ilikuwa tupu. Akaiweka mfukoni, akampa dada bunduki tena.

"Sasa bi mkubwa, jaribu bega la kushoto. Hiyo haina kitu."

Dada akaichukua, akaigeuza, na ili aniulize anakaaje, akageuka nayo. Mtutu ukapita mbele ya mwenye duka, ukaja ukasimama tumboni kwangu. Kidole chake kilikuwa pale pale alipokizoesha dukani.

Nilianguka kwa magoti juu ya saruji. Hapo ndipo kanzu ilipochanika.

Walicheka. Dada alicheka kwa sauti kubwa, mtutu ukitikisika naye juu ya kichwa changu.

"Tizama mwanamme huyu! Chuma kitupu kishamlaza chini."

"Tisa," nikasema.

"Nini?"

"Umepiga tisa. Kumi zimeingia. Dada, usinigeukie. Elekeza kwenye mchanga."

"Mbona magazini tupu, bwana?" alisema mwenye duka. "Hesabu imekupotea, khalasi."

Nikiwa bado chini nikaanza kuokota maganda. Niliyahesabu kwenye kiganja. Nane. Nikayahesabu tena. Nane. Mwenye duka akainama, akayaona, akacheka zaidi. "Tazama, hata hizo tisa zako hazijatimia! Nane! Sasa zilizobaki mbili ziko wapi, kazimeza bi mkubwa?"

Nakiri kwamba hapo niliyumba. Maisha yangu yote nimesimama juu ya hesabu ya pili, na hesabu ya pili ilikuwa inanikana mbele ya watu. Dada alishaanza kupandisha kitako kwenye bega la kushoto, mtutu ukinirudia. Kitu kidogo kikanichoma kwenye mkunjo wa mkono wa kanzu. Nikakikung'uta. Lile ganda lililonipiga shavuni.

"Tisa," nikasema, na nadhani nilipiga kelele, kwa sababu msimamizi kule mwisho aliweka kikombe chini.

Dada aliacha kucheka. Ananijua, mimi sipigi kelele, hupunguza sauti bei ikipanda. Akaugeuzia mtutu kwenye mchanga polepole, kidole akakiondoa. Mwenye duka akaichukua bunduki kutoka mikononi mwake, akiwa bado na tabasamu la mtu anayetaka kumaliza mzaha.

"Bismillahi. Tazama, uridhike."

Akaielekeza kwenye tuta, akaminya.

Ikabweka.

Mchanga ukaruka. Ganda la kumi likabingirika kwenye saruji likasimama mbele ya goti langu. Msimamizi alikuja mbio, akaichukua bunduki, akavuta kikokeo, akachungulia ndani ya chemba, tundu inamokaa risasi kabla ya kupigwa, akaingiza kidole humo kuhakikisha, kisha akamwambia mwenye duka kwa Kiarabu maneno ambayo mama yake wa Unguja asingependa kuyasikia. Jambo lenyewe ni jepesi, na wapigaji wote wanalijua: bunduki ya kujipakia ikishapiga ya tisa, ya kumi tayari imepanda chemba. Magazini inaonyesha tupu na inasema kweli. Wala mwenye duka si mjinga. Neno lake la khalasi na la dada hayakuwa neno moja.

Kwenye gari, tulipoikaribia barabara kuu, dada alianza mwenyewe.

"Sikumaliza," alisema. "Ya kumi sikuweza. Kidole kiligoma."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilisema khalasi. Mkono ndio ulikwisha." Akatazama nje. "Mbele ya yule kijana ulitaka niseme nini? Kwamba nimechoka kwa risasi tisa?"

Baada ya kilomita kadhaa akasema, kwa ile sauti yake ya zamani, "Lakini ya tano umeiona."

"Nimeiona."

"Mwambie atoe mkwaruzo kwenye bei."

Hapo ndipo tulipo mpaka leo. Bunduki ya zamani ukivuta komeo unaona kila kitu, risasi ipo au haipo, lakini dada hawezi kulivuta. Hii mpya anaiweza mpaka ya tisa. Mwenye duka, tangu siku ile, kawa mpole sana. Anasema atanipa bure kijiti chekundu cha plastiki cha kuingiza chemba, kikikaa hakuna ubishi bunduki haina kitu, na anasema tupakie tano tu badala ya kumi. Arbuni lakini harudishi. Dada naye kaanza kuminya mpira, kamnyang'anya paka. Kila Alkhamisi ananiuliza kama nimekwenda Hamriya, nami namwambia njia ina msongamano.

Nimeshaamua kwamba nikiinunua, uwanjani kwetu khalasi marufuku. Mpigaji atasema "chemba tupu" baada ya kuichungulia, na mimi nitasimama pale kila Jumamosi kuhesabu. Lakini mimi nina miaka hamsini na nane, siku nyingine naumwa, siku nyingine nasafiri kufuata mzigo, na najua dada yangu hatanisubiri. Nikikataa, najua pia atarudi kwenye kile kiti chake cha mbele ya televisheni, na mpira utarudi kwa paka.

Basi wewe unayesoma, kama umewahi kupiga shabaha kwa mkono mmoja mzima, au umewahi kusimama nyuma ya mtu wako wa namna hiyo, niambie: Alkhamisi hii niende nikamalizie, au niiache ile mia ipotee?