Nilikikalia kitabu cha Chebet hadi akaondoka

Admin, tafadhali usiweke jina langu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mke wangu ameshatangulia. Naishi huku karibu na ziwa, ambako watu husema nilirudi nyumbani kwa kuwa mimi ni Mjaluo. Lakini nilizaliwa Kericho, katika kambi ya wachuma chai, na sikuwahi kuishi kwingine isipokuwa Bomet jirani hadi tulipofukuzwa katika mapigano ya kikabila. Majina yote hapa nimeyabadilisha.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Bomet. Nje ya uzio wetu aliishi mama mmoja Mkipsigis, mjane mwenye shamba dogo la chai na ng'ombe wawili. Mke wangu alipojifungua, mama huyo alileta mursik, maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mke wangu akapata nguvu. Mwanawe, Kiplangat, alikuwa akija kwangu kusoma gazeti. Binti yake, Chebet, alikuwa amemaliza diploma ya mitambo.

Chuo kikuu kilikubali kumpokea Chebet moja kwa moja mwaka wa pili wa uhandisi. Kwetu hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo. Lakini ilibidi apeleke kitabu chake cha mafunzo kazini: miezi sita kwenye boila na mashine zetu za kukaushia majani, kila wiki na sahihi ya injinia, na mwisho muhuri wa karani. Bila hicho, ingembidi aanze mwaka wa kwanza kama mtu asiyejua kushika spana, na mwaka huo wa ziada mama yake hangeuweza. Akina mama wa kanisa walikuwa wameshamnunulia godoro na ubao wa kuchorea.

Siku injinia alipotia sahihi ya mwisho, nilipiga muhuri, nikakitia kitabu kwenye mkoba wangu pamoja na daftari la kuitia majina. Nilikusudia kumpelekea nikitoka kazini. Kabla ya saa nane mchana vijana walifika na mishale. Tulikimbilia lori na mkoba begani. Nikiwa juu ya lori niliona ofisi ikiungua, kisha nyumba yangu. Kiplangat alikuwa katika kundi lile. Alisimama kando, mikono mitupu, akitazama chini. Hilo nililiona vizuri, na nimeliona kila siku tangu hapo.

Tuliwekwa katika uwanja wa kanisa. Siku ya tisa Chebet alikuja, peke yake, na mkebe wa maziwa. Kwa msichana wa kabila lake kuingia pale siku zile kulihitaji moyo. Nilikuwa nimekaa juu ya mkoba wangu, kwa sababu ardhi ilikuwa na unyevu.

"Mama amesema haya ni ya watoto," aliniambia. "Na amesema pole, mzee. Ameshindwa kuja, anaona aibu."

"Aibu ya nini? Si yeye aliyekuja na kiberiti."

Akauliza, "Mzee, kitabu changu kilikuwa wapi siku ile?"

Nilikuwa na hasira isiyokuwa na mahali pa kwenda. Nikamtazama usoni, nikaona sura ya kaka yake. Nikasema, "Ofisi iliungua yote."

"Yote?"

"Hata kabati la chuma."

Alikaa chini kwenye nyasi. Mwishowe akasema polepole, "Basi ni ndugu yangu amenichomea." Ningeweza kuinuka tu. Sikuinuka. Alipoondoka, mke wangu aliniuliza, "Umekalia nini?" Sikumjibu, naye hakuuliza tena mpaka alipofariki.

Chebet hakwenda chuo kikuu mwaka ule, wala uliofuata. Leo anafundisha chuo cha ufundi, na pamoja na wenzake wanawasaidia watoto wa maskini wanaotoka diploma kuingia digrii za sayansi na uhandisi. Wanatafuta masomo yapi yatatambuliwa, wanaandika barua, wanawapa pa kulala wiki za kwanza. Haya nimeyajua kupitia mjukuu wangu, Achieng', ambaye mwaka huu ameingia uhandisi wa umeme kwa mkono wa mama huyo. Chebet hajui huyu ni mjukuu wa nani.

"Kwara," Achieng' aliniambia kwa simu, maana ndivyo anavyoniita mimi babu yake, "huyu madam ni mkali. Siku ya kwanza ametuambia, kitabu chako usimwachie mtu, hata ndugu yako. Ati ndugu yake alimchomea chake."

Nilimtuma mtu niliyefanya naye kazi kiwandani aniulizie. Akaniambia Chebet na Kiplangat hawasemezani. Mama yao alipozikwa, mmoja alisimama upande huu wa kaburi na mwingine ule. Kiplangat aliomba msamaha kwa kusimama na kundi lile, akaapa kwamba moto si wake. Kila akiapa, dada yake humuuliza, "Na kitabu changu?"

Kitabu ninacho. Muhuri wangu bado unasomeka.

Mwezi ujao Chebet amewaalika wazazi wa wanafunzi wake nyumbani kwake, na Achieng' anataka niende mimi. Mwanangu, nilipomweleza, alisema, "Baba, ngoja mtoto amalize. Miaka mitatu tu." Pengine ana haki. Mtoto hakumkosea mtu, na mimi nikikipeleka kitabu nitamwondolea mkono unaomshika. Lakini kwa umri wangu miaka mitatu si "tu", na Kiplangat naye amezeeka akibeba kosa langu.

Ninyi mnaosoma, hasa mlio na ndugu msiosemezana: nikipeleke kitabu mwezi ujao, au nimtii mwanangu? Nielekezeni. Achieng' anasubiri jibu langu kufikia Jumapili.