Kuku Mia na Ishirini Wako Eda

Inatangazwa kwa wakaazi wote wa Kiembe Samaki, wenye masikio na wale ambao masikio yao yameshachukuliwa na kelele za ndege za uwanjani, kwamba kisiwa cha Unguja, baada ya kutoa mawaziri, waimbaji na mabingwa wa bao, sasa kimejaaliwa kumtoa mtu ambaye mfano wake haujapata kuonekana: Bi Tabia binti Simai, mjane, mfugaji wa kuku wa nyama, mwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yake, ambaye mwezi uliopita aliwaweka eda kuku mia moja na ishirini, akasogeza karamu ya harusi, akatia kiwewe ukoo mzima wa Fumba, na hata samahani hakusema. Wenye kofia wazivue. Wenye kuku wajitafakari.

Bi Tabia mwenyewe hana habari na tangazo hili. Saa hizi anazoa maranda machafu bandani na kuwatukana kuku kwa majina yao.

Kuku waliingia maishani mwake kwa mlango wa msiba. Mumewe, Ahmada, alikuwa seremala Mlandege. Alikwenda kazini asubuhi mzima, akarudishwa adhuhuri amefunikwa shuka. Bi Tabia akakaa kizuka, yaani mjane aliye katika eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yenye mlango mzuri kuliko zote za mtaa na isiyo na mtu wa kuufungua. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta alikuwa na jirani: Mbarouk, fundi wa mafriji, na mkewe Bi Sheikha.

Miezi minne na siku kumi, bakuli halikukosa kupita juu ya ukuta ule. Leo wali wa nazi, kesho muhogo na papa, keshokutwa uji wa kunde kwa sababu Bi Sheikha kagombana na mumewe na hapikii mtu cha maana. Na mwezi wa pili, Mbarouk akapitisha boksi. Ndani mlikuwa na vifaranga hamsini wakilia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Vya nini hivi?" Bi Tabia aliuliza.

"Upate cha kugombana nacho, Bi Tabia. Nyumba kimya sana, mie silali."

Ndivyo mtu alivyoanza ufugaji. Wengine huanza kwa mkopo na semina, yeye alianza kwa sababu jirani yake hapati usingizi.

Miaka ya mwanzo alifuga kama wafugavyo wote. Kuku akikohoa, mtie dawa katika maji ya kunywa. Akizidi kukohoa, zidisha dawa. Akizidi tena, muuze haraka kabla hajafa, maana kuku aliyekufa hana mteja bali aliye taabani, akichinjwa upesi, hukaangwa akapendeza kabisa. Hakuna aliyeona ubaya. Dawa si dawa?

Aliyemharibia raha hiyo ni Nadra, daktari wa mifugo, msichana mwembamba mwenye pikipiki nyekundu na shahada iliyomchukua miaka mitano. Alikuja siku moja kuku wakiwa na mafua, akaandika dawa, kisha akasema:

"Siku tano wanywe. Halafu, bibi, baada ya dozi ya mwisho, siku saba usichinje, usiuze, usimpe hata jirani. Dawa inakuwa bado imo nyamani. Mtu akimla kuku huyo anakula dawa asiyoandikiwa, kidogo kidogo, na vidudu vya maradhi mwilini mwake vinaizoea. Siku akiugua kweli, anapewa dawa ile ile, vidudu vinaicheka."

"Si itakufa jikoni? Moto wa jungu si mchezo."

"Moto hauaminiki. Dawa nyengine huchemka ikabaki vile vile. Ndiyo maana kuna muda wa kusubiri, umeandikwa kwenye karatasi ya chupa."

"Eda," alisema Bi Tabia.

"Siyo eda, bibi, ni muda wa..."

"Limempata jambo. Anakaa ndani siku maalumu. Hatolewi, hachumbiwi, mpaka ijulikane hakuna kilichobaki tumboni. Kama hiyo si eda, niambie eda ni nini."

Nadra akapekua akilini miaka yake yote mitano ya chuo kikuu. Hakukuta neno bora. Tangu siku ile na yeye anasema eda, mpaka kwenye mikutano ya wafugaji, na wafugaji wanaoelewa kwa mara ya kwanza humwona ana kipaji.

Basi mwaka huu Shadya, binti wa Mbarouk, akaposwa na watu wa Fumba. Mbarouk, ambaye kwa mafriji ni fundi lakini kwa majigambo ni bingwa, aliwaahidi wakwe kuku mzima juu ya kila sinia. Ndoa Ijumaa baada ya alasiri, karamu usiku huo huo. Kuku mia na ishirini, wote kutoka kwa Bi Tabia.

Bi Tabia aliwalea kuku wale kama anayelipa nadhiri. Alimwona Shadya akizaliwa. Na hii ndiyo ilikuwa nafasi yake, ya kwanza baada ya miaka, ya kurudisha bakuli juu ya ukuta likiwa limejaa.

Wiki mbili kabla ya harusi, kuku wakaanza kukohoa.

Nadra alikuja, akaandika dawa. Kuku wakaanza kunywa Jumanne, wakamaliza Jumamosi jioni. Bi Tabia akahesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa punje za mahindi, labda vidole vinamchukia. Jibu lilikuwa moja: eda inaisha Jumamosi ya pili magharibi. Harusi ni Ijumaa.

Jumatano asubuhi Mbarouk alipiga hodi akiwa na furaha ya mtu ambaye hajaambiwa.

"Bi Tabia, shikamoo! Matenga yako tayari? Keshokutwa tunachinja!"

"Marahaba. Kaa kitako, Baba Shadya. Kuku hawatoki."

"Hawatoki vipi, wamefungwa?"

"Wako eda. Mpaka Jumamosi."

Mbarouk alilijua neno, mtaa mzima ulilijua. Akakunja vidole. "Umewaanzishia dawa Jumanne iliyopita. Leo Jumatano. Siku nane hizo! Zimeshapita na moja ya bakshishi!"

"Mke akifiwa," alisema Bi Tabia polepole, "eda yake inahesabiwa tangu mume alipougua au tangu alipokufa?"

"Tangu... alipokufa."

"Na dawa hivyo hivyo. Jumanne iliugua. Jumamosi ndiyo imekufa."

Mbarouk akasimama. Akakaa. Akasimama tena. "Bi Tabia, dawa si sumu! Tena heri, mgeni mwenye mafua atakula biriani apone! Wafugaji wangapi hapa mjini wanauza asubuhi kuku waliokunywa dawa jana? Nani kafa? Nimewaahidi watu wa Fumba, nitawapa nini, mikate ya kumimina?" Kisha akasema lile alilokuwa Bi Tabia akiliogopa tangu Jumamosi. "Na vifaranga vya mwanzo nilikuletea mimi."

Bi Tabia akautazama ukuta.

"Ulileta wewe," alisema Bi Tabia. "Na bakuli lilipita juu ya ukuta ule miezi minne na siku kumi. Sijasahau hata tonge moja. Kama ungekuwa mtu baki, Mbarouk, pengine shetani angenishinda, ningefumba macho nikakuuzia. Lakini mimi nimekula sahani ya nyumba yako. Ndiyo nikulishe wewe na mwanao dawa, siku ya harusi yake, niseme asante?"

Mbarouk akatoka bila kuaga.

Siku hiyo Bi Tabia hakula. Alikaa kizingitini kwa banda, akifikiri kwamba mtu anaweza kuwa na haki na bado akabaki bila jirani, na haki haipitishi bakuli juu ya ukuta. Alifikiri pia kufungua mlango wa banda. Alishika komeo. Kuku mmoja, jogoo mnene anayeitwa Mheshimiwa kwa sababu hafanyi kazi yoyote, akamtazama. Bi Tabia akaachia komeo.

Jioni akasikia sauti ya Mbarouk ng'ambo ya ukuta. Alikuwa akirekodi ujumbe wa sauti kwenye simu, kwa ule ukelele wa watu wanaoamini Fumba inasikia bila mtandao. "Assalamu alaykum, wakwe zetu! Ndoa Ijumaa pale pale, lakini karamu tusogeze Jumapili. Sababu ni..." Hapo ndege ya jioni ikapita juu ya mabati. "...hajatoka eda, na Bi Tabia kasema hatoki mpaka Jumamosi! Tuvumiliane!"

Bi Tabia hakusikia zaidi, maana machozi yalikuwa yameshamjaa mpaka masikioni. Kidogo tu, bakuli likatokeza juu ya ukuta. Samaki wa kupaka. "Kula," ilisema sauti ya Bi Sheikha. "Bwana kanuna lakini kakubali. Mie namjua, akinuna hivi huwa kaona haya."

Lakini ndege, ndugu zangu, haikupita bure. Ilikuwa imelimeza neno moja, nalo ndilo neno "kuku".

Alhamisi asubuhi gari mbili zikasimama mlangoni kwa Mbarouk. Wa kwanza kushuka alikuwa Bi Wanu, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye mwili wa kutosha na sauti ya ziada. Nyuma yake wazee watatu, mmoja na kitabu cha sheria za dini kwapani.

"Mbarouk! Binti yako aliolewa lini?"

"Nani?"

"Shadya! Yuko eda! Umesema mwenyewe, tumesikiliza mara sita! Kafiwa au kaachwa? Mtu yuko eda nanyi mnataka kumwozesha Ijumaa? Hiyo ndoa au maigizo?"

Ndani Shadya akapiga ukelele. Mbarouk akageukia ukuta.

"Bi Tabia!"

"Naam!"

"Hebu sema! Nani yuko eda?"

"Wote!" Bi Tabia alijibu kutoka bandani, akiwa na ndoo mkononi na hana habari. "Mia na ishirini!"

Bi Wanu akakaa juu ya ngazi bila kutazama kama ngazi ipo. Mzee wa kitabu akakifungua, akakifunga, akaona hakuna mlango wa fiqhi unaofika huko.

Ikabidi wachukuliwe wote hadi bandani, viatu mikononi, wakaonyeshwa. Bi Tabia akaeleza: mafua, daktari na pikipiki yake, dawa, siku tano, siku saba, na kwamba Shadya ni mwari wa watu hajaolewa na hata kuku. Wazee wakacheka mpaka mmoja akahitaji kupigwa mgongoni. Mzee wa kitabu akasema kuku hawana eda, ila aliyewawekea hajakosea.

Bi Wanu peke yake hakucheka. Alisimama akitazama vinyweo vya maji safi.

"Na mtu akichinja siku ile ile ya dawa?"

"Anakula dawa, na watu wake wanakula dawa."

"Mie nna kuku thamanini Fumba," alisema Bi Wanu, na ile sauti ya ziada ilikuwa imeishia njiani. "Asubuhi nnawapa dawa, jioni wako jungu. Wajukuu zangu ndiyo chakula chao. Hakuna aliyenambia." Akamshika Bi Tabia mkono, ule wenye maranda. "Nlikuja kukutukana."

"Tukana tu, umetoka mbali."

"Mungu akulipe, dada yangu. Nipe namba ya huyo daktari wa pikipiki."

Ijumaa ndoa ikafungwa kwa halua na kahawa, na hakuna aliyekufa kwa kukosa biriani. Jumamosi, magharibi ilipoadhiniwa, Bi Sheikha akapitisha chetezo juu ya ukuta, kinafuka udi. "Wafukize vizuka wako," alisema, "wametoka eda." Bi Tabia akawafukiza kweli, na Mheshimiwa akapiga chafya, na kwa mara ya kwanza chafya ile haikumtia mtu hofu.

Jumapili masinia yakatoka, kila sinia na kuku wake, wanono kuliko ahadi, maana siku za ziada hawakuzitumia kwa ibada. Mbarouk akashika kipaza sauti. Huyu ni mtu ambaye hata friji likipona hutoa hotuba.

"Mabibi na mabwana! Mie nlimnunia jirani yangu. Nlimsimanga kwa vifaranga. Leo nnasema mbele yenu: watu wengi watakupa unachotaka, lakini ni wachache watakaokunyima kwa sababu wanakupenda. Bi Tabia ni nguzo ya mtaa huu! Ni ngao ya matumbo yetu! Ni mwanga wa..." Hapo akakosa cha kuwa mwanga wake, na macho yalikuwa yameshamlowa. "Bi Tabia! Uko wapi? Sema neno!"

Upande wa wanawake, nyuma ya pazia, Bi Tabia akalamba kidole kimoja baada ya kingine.

"Nlisoma karatasi ya chupa tu. Kaa kitako, Baba Shadya, wali unapoa."