Kifurushi Nilichokisahau kwa Mauwa

Bado naiona Jumamosi ile, mwanangu, na mvua iliyokuwa inakuja kutoka upande wa mto. Tangu asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda katika parsele ya Mauwa, uani kwake, huku Kabondo. Mauwa alikuwa msusi wetu. Hakuwa na duka wala kibao. Alikuwa na mabati manne juu ya nguzo, benchi moja la wateja, kioo kilichopasuka pembeni, na mikono ambayo wanawake wa mitaa mitatu waliisubiri kwa zamu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa darasa la tatu, na kila mtu aliniita Madame. Nilipenda kuitwa hivyo. Nilitaka na kichwa changu kifanane na jina hilo: mistari myembamba, imevutwa nyuma mpaka paji la uso linang'aa.

"Vuta zaidi," nilimwambia. "Hapa mbele iko inalegea."

"Madame, nikivuta tena macho yako itahamia kwenye masikio."

Wanawake wa kwenye benchi walicheka. Mimi sikucheka.

"Umechoka kazi, Mauwa? Niende kwa mwingine?"

Akavuta.

Unaijua desturi yetu. Msusi akimaliza, hukusanya nywele zilizoanguka na zile zilizobaki kwenye chanuo, akazifunga kwenye kipande cha plastiki na kumkabidhi mwenyewe. Mwenyewe huzichoma au kuzitupa chooni kwa mkono wake, ili zisiangukie kwa mtu mwenye nia mbaya. Siku ile mvua ilinikimbiza. Nilisimamisha toleka, nikapanda nyuma ya baiskeli, tukaenda mbio, na kifurushi changu kikabaki kwenye dirisha la Mauwa. Jumatatu nilipokipitia, aliniambia kilikuwa kimelowa, akakichoma pamoja na takataka. Nikasema hakuna shida. Lakini neno hilo nililihifadhi, bila kujua kwamba nalihifadhi.

Kwa siku tatu sikuweza kuegemeza kichwa popote. Nilimeza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni, na kwenye mstari wa nywele vilitoka vipele vidogo vyeupe. Hilo halikunishtua. Tuliamini kwamba nywele zisizouma siku ya kwanza zitafumuka kabla ya wiki mbili, kwa hiyo maumivu tuliyahesabu kuwa kazi nzuri. Nilirudi kwa Mauwa mwezi uliofuata, na mwingine, na mwingine.

Halafu nywele za pembeni, juu ya masikio, zikaanza kwenda. Kwanza zilikuwa nyembamba. Baadaye nikaona ngozi. Nikaongeza mèches, zile nywele za bandia, nzito za kuficha, na ili mèches zishike, nikataka zivutwe zaidi. Unaona jinsi nilivyokuwa nachimba shimo na kulishangaa. Nilipaka mafuta ya mawese yaliyochanganywa na majani, nilipaka unga mweusi niliouziwa sokoni ambao uliniunguza, nilikwenda kwa mtu wa maombi akanishika kichwa na kukitikisa. Mwishowe nilifunga kitambaa, na sikukifungua tena mbele ya mtu. Darasani, upepo ukiingia dirishani, mkono wangu ulikwenda kichwani kabla sijafikiri.

Ni mwalimu mwenzangu aliyeniuliza, tukiwa tunakula lituma wakati wa mapumziko, "Feza, nywele yako iko kwa nani?"

Swali lilikuwa dogo. Nilikuwa na jibu tayari.

Jumamosi iliyofuata niliingia kwa Mauwa wakati kuna wateja wanne. Mmoja, Mama Lusamba, alikuwa kwenye kigoda, nusu ya kichwa imeshasukwa na nusu nyingine imesimama.

"Mauwa," nikasema kwa sauti ya kufundishia, "nirudishie nywele yangu."

"Nywele gani, Madame?"

"Ile ulibakisha siku ya mvua. Uliifanyia nini?"

Alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Kisha akaelewa, na chanuo likamwanguka. "Madame, ile nilichoma. Nilikuambia. Haki ya Mungu, nilichoma."

Nikafungua kitambaa kidogo, upande mmoja tu, wanawake waone. Sikusema neno lile baya, mchawi. Sikuhitaji kulisema. Mama Lusamba aliinuka kwenye kigoda na kichwa chake nusu kwa nusu, akajifunika kikwembe, akaondoka bila kuaga. Wengine watatu wakamfuata.

Benchi lile halikujaa tena. Kanisani walimwondolea kazi ya kuwasuka watoto wa kwaya. Na kuna jambo jingine ambalo kwa miaka mingi sikulisimulia: binti yake, Neema, alikuwa mwanafunzi wangu, dawati la pili karibu na mlango. Wenzake walianza kusogeza madaftari yao asiyaguse. Niliona. Mimi ndiye niliyekuwa mbele ya darasa, na niliendelea kuandika ubaoni. Jumatatu moja Neema hakuja. Walisema mama yake amekwenda Bengamisa, kwa ndugu zake, kulima.

Nywele zangu ziliendelea kuanguka baada ya Mauwa kuondoka, nami nikizisuka mwenyewe na kuzivuta vilevile. Hata hilo halikunifungua macho. Nilijiambia kwamba amekwenda nazo.

Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni Tonton Musafiri, mdogo wa mama yangu, aliyekuwa karani hospitalini. Alikuja nyumbani adhuhuri moja, akanikuta ndani na kitambaa kwenye joto lile.

"Kuna docteur wa ngozi amekuja, atakaa wiki mbili," alisema. "Nimeandika jina lako."

"Tonton, mimi siumwi ngozi. Ni nywele."

"Na nywele inaota wapi? Kwenye meza?"

Nilisema sitakwenda. Akakaa kwenye kiti, akaomba maji, akasema atayanywa polepole mpaka nivae viatu.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, mzaliwa wa Bukavu. Aliniambia nivue kitambaa. Nikasema ninaweza kumweleza bila kuvua. Akaniuliza kama fundi wa redio huwa anaitengeneza ikiwa imefungwa ndani ya sanduku. Nilivua, na machozi yakanitoka. Alivuta kiti na kuanza kuuliza, jambo moja baada ya jingine: nimezaa karibuni? Nimeugua homa kali? Nakula nini? Kichwa kinawasha? Kuna mtu nyumbani mwenye mapunye? Nini nimepaka? Kila jibu aliliandika. Kisha akauliza, "Wanakusuka namna gani?"

"Alikuwa ananisuka Mauwa," nikajibu. "Njo yeye alikamata nywele yangu."

"Nimeuliza namna gani. Sijauliza nani."

Nikamwonyesha kwa vidole, kutoka kwenye paji kwenda nyuma. Aliuliza kama inauma. Nikasema ndiyo, siku tatu, siku nne. Vipele? Ndiyo. Akachukua kidude chenye lenzi na taa ndogo, akapita nacho juu ya kichwa changu polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Alipomaliza alinipa kioo.

"Angalia. Hapa nyuma ya mstari kuna vinywele vidogo kama vya mutoto. Hii iko hai. Ukiacha kuvuta, na ukitumia dawa nitakuandikia, inaweza kurudi. Lakini hapa pembeni, ngozi inang'aa, matundu yamefungwa. Hapa haitarudi. Ni kuvuta, Madame. Umevuta mpaka mizizi imechoka. Ilianza kuanguka tangu lini?"

"Mwaka na nusu."

"Na mwaka na nusu yote ulikuwa wapi?"

Nilikuwa kwa muuza majani, kwa mtu wa maombi, na katika parsele ya Mauwa, nikifungua kitambaa upande mmoja.

"Bon," akasema, "na ule alikuwa anakusuka, hakukuambia kitu hata siku moja?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipotamani sakafu ya chumba kile inimeze. Kwa sababu Mauwa aliniambia. Aliniambia siku ya mvua. Aliniambia mwezi uliofuata: "Madame, tupumzishe hii kichwa mwezi moja." Aliniambia tena alipoona vipele: "Hapa pembeni mi sitaki kugusa, iko inalia." Kila mara nilimjibu kwamba kuna wasusi wengi Kabondo. Katika mji huu wote ni mtu mmoja tu aliyekuwa ameuona ugonjwa wangu mapema na kuutaja, naye ndiye niliyemfukuza.

"Docteur," nikasema, "ule mutu nilimufanya mchawi mbele ya watu."

Aliweka kalamu chini. "Iko wapi sasa?"

"Bengamisa."

"Si mbali. Barabara iko wazi." Kisha akaendelea kuandika dawa.

Ningependa kukuambia kwamba nilikwenda kesho yake. Nilikaa miezi minne. Nilitumia dawa, niliacha kusuka, vinywele vya mbele vikaanza kurefuka, na kila nilipovigusa nilifurahi halafu nikaona haya ya kufurahi. Siku niliyokwenda, nilimkuta Mauwa uani anamenya muhogo. Alikuwa amekonda. Neema alikuwa kando yake na kisu chake, akaniona, akaingia ndani.

"Madame," Mauwa alisema bila kuinuka, "umefuata nywele?"

Nilivua kitambaa. Nilipiga magoti kwenye maganda ya muhogo na kumweleza yote aliyosema daktari. Alifuta mikono kwenye kikwembe, akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika zamani, akapitisha kidole gumba pembeni, juu ya sikio.

"Hapa haitarudi," akasema.

"Docteur alisema vilevile."

"Mimi nilikuambia kabla yake."

Nikamwomba anisamehe. Alirudia kumenya, muhogo mmoja, wa pili. "Unaniomba hapa, mbele ya muhogo," akasema. "Kule ulinisema mbele ya watu. Rudia kule."

Nilirudi. Jumamosi moja niliwaita wale wanawake wanne, pamoja na yule mwalimu mwenzangu, kwenye mabati yale ambayo sasa mtu alikuwa anauzia makaa. Nilivua kitambaa chote. Niliwaambia kwamba Mauwa hakuchukua kitu, kwamba alinionya, kwamba mikono yake ilivuta kwa sababu mdomo wangu uliamuru. Mmoja alisema daktari hawezi kuona mambo yote. Mwingine alicheka. Mama Lusamba alikaza kikwembe chake, akasema, "Na mimi niliondoka na kichwa nusu. Aksanti, Madame. Umenifanya mujinga." Akaondoka mara ya pili.

Dereva mmoja alimpelekea Mauwa habari. Jibu lilirudi naye baada ya wiki: "Mwambieni Madame nimesikia." Ni hilo tu. Hakurudi Kabondo. Neema hakurudi darasani kwangu, na dawati lile nilimpa mtoto mwingine.

Sasa unajua kwa nini shangazi yako hafungui kitambaa hata kwenye arusi za nyumbani. Sifichi upara. Nilishauzoea. Nikipagusa hapo pembeni panapong'aa, namwona mwanamke anamenya muhogo.

Nakuandikia haya kwa sababu Jumapili ulikuja kwangu umefunga kitambaa, ukalia, ukaniambia nywele zako za mbele zinakwisha. Kisha ukasema, "Shangazi, najua nani anazo," ukafungua mdomo utaje jina, nami nikakufunika mdomo kwa mkono wangu. Ulikasirika. Ulidhani sikuamini. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe.

Basi sikiliza. Usimpe mtu yeyote jina hilo. Hata mimi sitaki kulijua. Fumua hizo mèches leo, usingoje ziishe. Usipake kitu cha sokoni, kwa maana kichwa kilichoumia ukikiunguza unakiumiza mara mbili. Na twende kwa daktari wa ngozi mapema, wakati vile vinywele vya kitoto bado vipo. Huenda ni kuvuta, kama mimi. Huenda ni mapunye, au damu imepungua, au ni jambo jingine ambalo mimi na wewe hatulijui. Ndiyo maana twende kwa anayejua kutofautisha. Mbele yake vua kitambaa chote, na akikuuliza namna gani, usimjibu nani. Aibu ya kuvua ni ya dakika moja. Hii nyingine ninayo tangu nikiwa na umri wako.

Na yule anayekusuka, kama aliwahi kukuambia upumzike, nenda ukamshukuru kabla hujaenda popote.

Alhamisi nitakuwa mlangoni kwako asubuhi, nimeshavaa viatu. Nitaomba maji, na nitayanywa polepole.

Mungu akuoteshee kilichoanguka, mwanangu, na kile ambacho hakitarudi akupe moyo wa kukaa nacho. Aulinde mdomo wako kuliko kichwa chako. Na yule uliyetaka kumtaja Jumapili, popote alipo na chanuo lake, Mungu amjazie benchi lake.