Kinyozi Hajinyoi: Mimi, Halima na Maji ya El Nino

Wakuu, hodi humu ndani. Haya yalinikuta mwenyewe, sikusimuliwa.

Mwaka ule wa El Nino nilikuwa bado bibi harusi mgeni, kijiji kimoja karibu na Garsen. Mume yuko kazini Malindi, mimi na mama mkwe tunalinda nyumba. Sisi Wapokomo na mpunga, mnatujua.

Rafiki yangu alikuwa Halima, Muorma. Ananiletea maziwa, nampa mchele.

Tulikuwa na mtindo wetu: mmoja akikwama, mwenzake anamwamulia. Na ukishaamuliwa, hakuna kubisha. Tulianza na vitu vidogo tu, kama leso ya kuvaa harusini. Jamani, leso alizonichagulia yule mwanamke! Nacheka hadi leo.

Basi maji yakaja.

Mtumbwi ni mmoja, mdogo. Mama mkwe miguu haina nguvu, tena kagoma kuondoka bila magunia ya mbegu ya mpunga yaliyoko darini. Mbegu ile aliachiwa na mamake. Yeye na magunia hawaenei.

Maji yanapanda kizingiti, mimi nimeduwaa. Stress tupu.

Halima akatokea, maji magotini, anavuta ndama wawili. Ng'ombe wakubwa walishavushwa na wanaume. Hawa wangezama, na kuwaacha hawezi.

"Dada, niamulie. Mimi nimeshindwa."

"Na mimi niamulie!"

Akachungulia ndani mara moja tu. "Mpunga wacha. Mama beba."

Nami sikufikiri hata kidogo: "Ndama wafunge kamba. Tuwashike vichwa ubavuni mwa mtumbwi, waogelee."

Mama mkwe alilia njia nzima. Lakini Garsen tulifika sote, na ndama.

Maji yalipopungua tukakuta mbegu imelowa, imeota kule kule darini, kijani kitupu. Mama mkwe akacheka, akaniagiza niishushe miche, tukaenda kuipanda.

Nilichojifunza ni kwamba tatizo lako unalitazama na hofu yako juu. La mwenzio unaliona lilivyo.

Sasa wakuu, mume wangu alishatangulia mbele za haki, na watoto wananitaka nihamie kwao Mombasa. Mara ngapi nimeshika simu nimuulize Halima, halafu nakumbuka tulimzika mwezi uliopita. Namkumbuka jamani, acheni tu.

Kwa hiyo nimekuja kwenu. Nihame au nibaki?

Niamulieni. Sitabisha.